Mnyama mgumu kuliko wote yuko kwenye tope la Mto Mara

Mhariri,

Nimefuatilia barua za wasomaji wenzangu kuhusu mnyama mgumu kuliko wote duniani, na sasa nimeshindwa kunyamaza. Wa kwanza alimtaja simba. Wa pili akamjibu kwa nyegere, tena kwa ukali. Akaja kijana wa chuo akasema hao wote hawafui dafu mbele ya dubu-maji, yule kiumbe asiyeonekana vizuri bila hadubini. Wa mwisho akasimama na ngamia. Katika barua zote hizo hakuna hata moja iliyomtaja kamongo, samaki wetu wa matopeni, nami niliyezaliwa karibu na Kirumi, kando ya Mto Mara, binti wa mvuvi, na kufundisha Biolojia mpaka nikastaafu, siwezi kuacha jambo hilo lipite hivihivi.

Simba namheshimu, lakini nguvu zake zimesimama juu ya wanyama wengine. Nyumbu wakiisha, naye anakonda. Tena nguvu za mwili si kinga maji yanapoondoka. Wenzetu wa Kenya walitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 ukame uliwaulia tembo 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381 na nyati 51. Tembo, ambaye ni nadra simba kuthubutu kumgusa akiwa mkubwa na mzima, aliangushwa na kukosa maji na majani. Kwa hiyo tukitaka kupima ugumu, tusipime siku ya vita tu. Tupime siku ambayo kila kitu anachotegemea mnyama huyo kimeondoka.

Nyegere nampa heshima kubwa zaidi. Ana uzito wa mbwa mdogo, lakini ngozi yake ni nene na imelegea kiasi kwamba ukimshika shingoni anaweza kujigeuza akakuuma. Watafiti wameonyesha pia kuwa misuli yake ina vipokezi, yaani mahali sumu hujishikiza, vilivyobadilika, hivyo sumu ya swila haimshiki kama inavyowashika wanyama wengine. Hayo ni kweli na ni makubwa. Ila vita vya nyegere ni vya dakika chache au vya usiku mmoja. Kesho yake lazima atoke tena kutafuta chakula. Ngamia naye anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kukosa maji, halafu akafika kisimani akanywa lita mia kwa muda mfupi. Sawa, lakini lazima afike.

Aliyenipa kazi ni yule kijana wa dubu-maji, maana hoja yake ni nzuri. Ni kweli kwamba mwaka 2007 viumbe hao walirushwa angani kwa chombo kisicho na watu, wakawekwa wazi mahali pasipo na hewa kabisa, na baadhi yao wakarudi wakazaa. Ni kweli pia kwamba kuna waliokaa kwenye barafu zaidi ya miaka 30 kisha wakaamka. Lakini, mwanangu, angalia wanafanyaje. Wanakauka. Wanajikunja wakawa kama chembe ya vumbi, na shughuli za uhai ndani yao karibu zote zinasimama. Wakiwa na unyevu na wanatembea, joto la nyuzi 37 likidumu siku nzima linaweza kuua nusu yao. Mimi siwezi kumpa tuzo ya uvumilivu kiumbe aliyezimika. Ninayemtafuta ni yule anayepita kwenye shida akiwa hai, moyo unapiga, anavuta pumzi.

Huyo ndiye kamongo. Wengine humwita kambale mamba, na Waganda humwita mmamba. Wanao ukoo mzima wenye jina hilo, na watu wa ukoo huo hawamli. Ni samaki mrefu, mviringo, mwenye mapezi manne membamba kama kamba. Aina ya Ziwa Victoria anaweza kufika mita mbili. Najua atatokea wa kuniambia samaki si mnyama. Darasani nilikutana na hoja hiyo kila mwaka. Ana uti wa mgongo, ana ubongo, ana moyo, ana figo. Aliyemkubali dubu-maji kuwa mnyama hana njia ya kumkataa kamongo.

Na zaidi ya hayo, ana mapafu. Niliwahi kuwaletea wanafunzi kamongo mzima kwenye karai, wakamzunguka wakisubiri. Kila baada ya muda alipandisha pua juu ya maji, akafumbua mdomo, akavuta hewa, tukasikia. Darasa zima lilinyamaza. Kamongo mkubwa hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake hewani, si majini, na ndiyo maana akinaswa kwenye nyavu zilizozama asiweze kupanda juu, hufa kwa kukosa hewa akiwa katikati ya maji. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia nikichora mapafu ubaoni, siku ile waliuliza maswali mpaka kengele ikalia.

Baba yangu alimvua kwa migonzo, kamba ndefu zenye ndoano nyingi, akitega kwenye vijia vya maji katikati ya mafunjo. Kiangazi kilipokaza na madimbwi ya kando ya mto kukauka, aliacha mtumbwi akachukua jembe. Alitembea polepole juu ya tope lililopasukapasuka akitafuta tundu dogo la mviringo, la kuingiza kidole. Hilo ndilo tundu la pumzi. Akichimba hapo alimkuta kamongo amejikunja, mkia umefunika uso, mdomo umeelekea juu. Pale palipokuwa pamekauka kabisa alikuwa amezungukwa na ganda jembamba la rangi ya udongo, limemshika mwili mzima na kuacha nafasi mdomoni tu. Baba alimweka kwenye maji na kuniambia nimwangalie. Mwanzoni alikuwa kama gogo. Baadaye akaanza kujinyoosha, akapanda juu, akavuta hewa.

Nilikuja kuelewa nilichokiona nilipokuwa chuoni. Ganda lile linatokana na ute anaoutoa mwilini, ute unaokauka tope linapokauka. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ni ute mkavu tu, kama karatasi. Mwaka 2021 wanasayansi waliomchunguza kamongo wa aina ya Protopterus annectens walionyesha kwamba ndani ya ganda hilo mna chembe hai za kinga ya mwili, zinazonasa bakteria wasimfikie. Yaani amelala, hali chakula, hanywi maji, lakini askari wake wapo kazini nje ya ngozi yake.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko hilo. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili wake kama amonia, ambayo ni sumu kali, na maji huichukua yakaenda nayo. Kamongo aliyelala kwenye tope kavu hana maji ya kumchukulia. Akiendelea kutengeneza amonia atajiua mwenyewe. Basi mwili wake hubadilisha kazi: hutengeneza yurea, ambayo haina ukali huo, akaiweka mwilini mwezi baada ya mwezi mpaka mvua irudi, ndipo aitoe. Kiwango anachokaa nacho kingemuua binadamu. Mwaka 1928 Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka Marekani, alikuja mpaka Ziwa Victoria kumtafuta kamongo kwa ajili ya jambo hili hili, akawasafirisha wengine kwenda maabara yake New York. Mtu akivuka bahari kuja kujifunza figo kwa samaki wa kwenye matope yetu, sisi tunaoishi naye tunapaswa angalau kujua kwa nini.

Wakati wote huo chakula chake ni misuli yake mwenyewe. Moyo unapiga polepole, pumzi zinakuwa za mbalimbali. Katika maabara, kamongo wamekaa hivyo zaidi ya miaka mitatu wakaamka wakiwa hai. Sisemi kwamba kila kamongo wa Ziwa Victoria anafanya hivi. Walio ziwani hawahitaji, kwa sababu ziwa halikauki. Wanaolazimika ni wale wa mabwawa na kingo za mito. Lakini uwezo wanao wote, na wamekuwa nao muda mrefu sana. Jamii ya samaki hawa ina umri wa takriban miaka milioni 400. Walikuwepo kabla ya dinosaria, wale watambaazi wakubwa wa kale, wakawa nao, na miaka milioni 66 iliyopita dinosaria walipotoweka, wao wakabaki.

Hata majirani zetu wa Baringo, Kenya, wanaweza kutoa ushahidi. Ziwa lao halikuwa na kamongo. Walipelekwa huko miaka ya 1970, wachache tu, na kufikia miaka ya baadaye wakawa miongoni mwa samaki muhimu wanaovuliwa pale. Na huku kwetu, sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, aina mamia za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, zilitoweka, nyingine kabla hazijapewa hata jina la kitaalamu. Kamongo alibaki.

Hapa ndipo ninapofikia jambo lililonisukuma kuandika, Mhariri, maana mashindano peke yake yasingenitoa kitandani. Kamongo alibaki, lakini amepungua mno. Mwalo wa Mwigobero pale Musoma, nilikokuwa nikimwona kamongo mkubwa amelazwa chini kwa sababu meza ilikuwa fupi, siku hizi naweza kwenda mara kadhaa nisimwone, na nikimwona ni mdogo. Sangara hakummaliza. Ukame haukummaliza. Anayemmaliza ni mtu mwenye kiberiti na jembe kwenye mafunjo.

Kamongo hazai popote tu. Mvua zikianza, dume huingia kwenye kinamasi, ndani ya mafunjo na matete, akajenga kiota. Jike akishataga huondoka, na dume hubaki akilinda mayai na kisha watoto, ambao wakiwa wachanga wana mashavu ya kupumulia yaliyo nje, yanayoning’inia kama manyoya. Kiumbe akisogea, dume anauma, na meno yake yaliyozoea kuvunja magamba ya konokono hayana mchezo. Wavuvi wa kwetu wapo waliopoteza ncha za vidole. Ukali huo huo ndio unaomponza. Hakimbii. Mvuvi anayejua kiota kilipo anampata pale pale, na akimtoa, watoto wote wameliwa kabla ya jua kuzama. Halafu kiangazi mafunjo yanachomwa, kinamasi kinalimwa mahindi na mboga, na mwaka unaofuata dume anayerudi hakuti pa kuingia.

Hasara yake si ya kamongo peke yake. Chakula chake kikubwa ni konokono, wakiwemo wale wanaobeba kichocho. Kila mwalimu wa mkoa wa Mara na Mwanza anajua kichocho kinavyofanya watoto darasani. Tunagawa dawa mashuleni, jambo jema, huku tukimwondoa majini mlaji wa konokono ambaye hatumlipi kitu.

Nimesikia wanaosema tusihangaike, mnyama mgumu kiasi hiki atajitunza mwenyewe. Nawajibu hivi: ugumu wake umejengwa dhidi ya jua na ukosefu wa maji. Anaweza kungoja mvua. Hawezi kungoja kinamasi kilichogeuzwa shamba, kwa sababu mvua ikinyesha hapo inaotesha mahindi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na bwawa. Mita hizo 60, kwa upande wetu, ndizo nyumba ya kamongo. Sina ugomvi na wakulima. Wengi ni ndugu zangu na wanafunzi wangu wa zamani, na najua mtu halimi kinamasi kwa kupenda, analima kwa sababu shamba la juu limekauka. Lakini sijaona mtu aliyeonyeshwa kwa kamba na vigingi kwamba mpaka unaanzia hapa. Wanalima mpaka jembe lilowe, kwa sababu hakuna aliyekuja kupima.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kupitia gazeti lako. Serikali za vijiji vya kando ya Mto Mara, kuanzia Kirumi kwenda juu, zipime hizo mita 60 na kuweka alama zinazoonekana. Na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi mialoni vikubaliane na wavuvi kwamba dume aliye kwenye kiota haguswi mpaka watoto wameondoka. Wavuvi wazee wanavijua viota hivyo kimoja kimoja na wanaweza kuvionyesha. Kazi hiyo ifanyike kabla ya masika, maana maji yakishapanda vigingi havitasimama na madume watakuwa wameshaingia.

Mwalimu mstaafu,
Musoma