Barua kutoka Patandi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tengeru. Unaniuliza kama uache darasa lako uje kusomea elimu maalumu, yaani kufundisha watoto wenye ulemavu, huku chuo cha ualimu Patandi. Njoo. Huruma unayo, nakujua, ila ujue mapema kwamba huruma ya haraka humnyima mtoto nafasi ya kujifunza.

Chukua kuvaa shati. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anahangaika, kengele imelia, mkono wako unawasha umvalishe yaishe. Sisi tunafundishwa kuigawa kazi hatua ndogondogo, kisha kuanzia mwisho. Unafunga vifungo vyote, cha mwisho unakipenyeza nusu tunduni, unamwachia akivute. Amemaliza yeye. Akizoea unamwachia kifungo kizima, halafu viwili, hadi avae mwenyewe. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikaa na kijana mmoja wa kitengo cha elimu maalumu. Kifungo kilipotokeza upande wa pili alikishika kwa vidole viwili, akanitazama, akakifungua ili akifunge tena. Shoga, sijapata kuifurahia kazi namna ile.

Halafu kuna wazazi. Utakutana na mama aliyeambiwa ana laana kisa mtoto ana sindromu ya Down. Umweleze taratibu kwamba mtoto kazaliwa na kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) ya 21 ya ziada, jambo lililojulikana tangu 1959, na kwamba hakuna alichokula wala alichotenda kilicholeta hali hiyo. Baba naye asikie, kama hajakimbia. Kwangu mazungumzo hayo yana uzito kuliko mtihani wowote.

Kinachoniumiza ni wakishamaliza shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, lakini hawa wa kwetu ndio hukumbukwa mwisho. Wanahitaji mtu wa kuwafundisha kazi ya mikono kwa utaratibu uleule wa kifungo. Wewe cherehani unaijua, bustani unaijua. Ndiyo maana nakuvuta.

Barua ya kuomba ruhusa ya masomo ianze sasa kwa mwalimu mkuu, maana mpaka ifike kwa mkurugenzi inachukua muda. Na usisahau sweta, huku chini ya Meru baridi si mchezo.

Wasalimie nyumbani wote.

Shoga yako akupendaye