Mnanaha si mchicha: magugu yenye sumu kwenye bustani ya maua

Masika yakishika kasi, simu nyingi tunazopokea sisi watunza bustani zinatoka Kinyerezi, Goba na Mbezi: "Njooni, magugu yamemeza maua." Kung'oa si kazi kubwa. Kinachotutia hofu ni mteja anapotuambia watoto wameshaanza kung'oa wenyewe, au dada wa nyumbani amechuma "mboga" iliyojiotea pembeni mwa mawaridi.

Mboga hiyo mara nyingine ni mnanaha. Ukiwa bado mchanga, asiyeujua ataudhania mchicha au mnavu, na nyumba nyingi za Dar tuta la mchicha linapakana na la maua. Ukikua hutoa ua refu jeupe mfano wa tarumbeta, linalofunguka jioni, ndiyo maana wengine huuacha wakidhani ni pambo. Kisha huja tunda la miiba, ukubwa wa yai dogo, ambalo likikauka hupasuka na kumwaga mbegu. Watoto hulipenda sana tunda hilo kwa michezo yao.

Mmea mzima una sumu, na mbegu ni hatari mno. Aliyekula hukaukwa mdomo, mboni za macho hutanuka, moyo humwenda mbio, halafu huweweseka na kuona visivyokuwepo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu zaidi ya 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya aina hii. Ikitokea nyumbani kwako, usimtapishe mgonjwa. Mkimbize hospitali, na ubebe tawi la mmea wenyewe kwenye mfuko ili daktari auone.

Wateja hutuuliza umetoka wapi wakati hawakuupanda. Mara nyingi umekuja na lori la samadi au udongo mweusi. Mbegu za mnanaha hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mvua. Kwa hiyo samadi usiimwage moja kwa moja kwenye maua. Ilundike, iloweshe kidogo, ifunike kwa turubai na uigeuze mara kwa mara. Joto la ndani huua mbegu nyingi.

Gugu karoti nalo husafiri hivyohivyo. Nchini kwetu liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni madogo meupe, na shina moja linaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Ling'oe kabla halijachanua, ukiwa umevaa glavu na mikono mirefu.

Mbarika, wengine huuita mnyonyo, tunauondoa kila penye watoto, kwa sababu mbegu zake zenye madoa zinavutia na zinaua. Na kama uzio wako ni wa minyaa, usiukate bila miwani ya kazi. Utomvu wake ukiingia jichoni ni mateso.

Dawa ya kuua magugu hatupulizi ndani ya tuta la maua, hata mteja akisisitiza. Nyingi hazichagui: upepo wa jioni ukivuma kutoka baharini, waridi lako linakufa pamoja na gugu. Tunang'oa siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mzizi utoke wote. Tunachong'oa tunakifunga kwenye mfuko. Hatukichomi, maana moshi wa mnanaha nao una sumu, wala hatukitupi kwenye shimo la mboji. Kisha tunatandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 7, jua lisizifikie mbegu zilizobaki.

Tukija mara ya kwanza tunazunguka bustani pamoja na wewe na yule anayechuma mboga nyumbani, tukimwonyesha mnanaha na mchicha bega kwa bega. Baada ya wiki tatu tunarudi, kwa sababu mbegu zilizokuwa chini zitakuwa zimeota.