YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFUNGU CHA 17 CHA MKATABA WA HUDUMA

Mtaa wa Langoni,
Lamu.

Kwa Meneja,
Idara ya Wateja.

Bwana Meneja,

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita, na kwa miaka miwili nimelipia programu yenu ya kupokea wageni bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Wiki ya Maulidi programu hiyo iliuza chumba kimoja kwa familia mbili, zikashuka gatini kwa boti moja, kila moja na risiti yake mkononi. Familia ya pili niliilaza kwa jirani kwa shilingi 42,000 kutoka mfukoni mwangu. Nilipodai fedha hizo, mtumishi wenu alinijibu kwa mstari mmoja tu: nisome kifungu cha 17.

Nimekisoma. Kinasema kwamba mkataba utafuata sheria za Uingereza, na kwamba kila mgogoro utaamuliwa na mahakama za London pekee. Hayo ni mambo mawili mliyoyafunga katika sentensi moja: sheria ndiyo inayopima nani amekosa, na mahakama ndipo mahali pa kwenda kupimiwa. La kwanza ningeweza kulivumilia, ingawa mbele ya hakimu wa Kenya sheria ya nchi nyingine huthibitishwa kwa ushahidi, kwa kawaida wa mtaalamu, ambaye ujira wake ungemeza dai langu lote. La pili ndilo linalonifungia mlango, kwa kuwa mahakama zetu huheshimu makubaliano ya namna hii mpaka anayeyapinga aonyeshe sababu nzito. Dai kama langu lingetosha katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo kikomo chake ni shilingi 1,000,000 na inayotakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60.

Wakala wenu alikaa barazani kwangu saa nzima akinieleza kamisheni kwa Kiswahili fasaha, wala hakutaja London hata mara moja. Ofisi yenu iko Nairobi na malipo mnayapokea kwa shilingi. Sioni kesi hii inahusiana vipi na Uingereza.

Naomba mnirudishie shilingi 42,000, na mkataba wangu ufuate sheria na mahakama za Kenya. Ikiwa hilo ni zito kwenu, basi liondoeni neno “pekee”, ili nami niweze kushtaki hapa nilipo. Nangojea jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mwenye nyumba ya wageni, Langoni.