Kaka, viatu vyako bado viko kwa mama

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma hujibu. Basi nakuandikia hapa hadharani, atakayesoma na asome.

Siku ile ya hitma ya baba. Nimeshika maiki, mdogo wetu kakaa mbele na wenzake wa chama, nikasema, "Hakimu wetu asimame, amnyanyue mkono mgombea wetu wa udiwani." Ulikuwa na tonge mkononi. Ukalirudisha kwenye sinia, ukanawa taratibu, ukaenda kibarazani kutafuta viatu kwenye lile rundo, watu wote kimya wanakutazama. Hukuvipata. Ukaondoka na ndala za mjomba. Mama ndiyo kwanza anatoka jikoni na birika la chai yako. Lile birika naliona mpaka leo.

Nimeisoma Ibara ya 113A ya Katiba ya Tanzania uliyonitajia. Kweli, jaji au hakimu wa ngazi yoyote ni marufuku kujiunga na chama cha siasa. Alichoachiwa ni kura yake. Nilipokurushia la Jaji Ramadhani kuchukua fomu ya urais 2015, ulinijibu kwamba ujaji mkuu alishastaafu tangu 2010. Ukaniuliza: mpinzani wa mdogo wetu akiletwa mbele yako kesho, ataamini vipi kwamba utamtendea haki? Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

La jukwaani nimekubali, ulikuwa sahihi. Lakini kaka, fulana za chama uliziona tangu asubuhi, si ungenivuta pembeni? Tangu siku hiyo hujakanyaga nyumbani, Idi mbili zimepita. Katiba haijakukataza kuja kumwona mama.

Nakushauri kama mdogo wako: kazi isikufanye mgeni kwenu. Mimi sikuwa na nia mbaya. Baba hayupo, nani angemwombea kura yule mtoto? Mimi ndiye niliyebaki hapa, mimi ndiye ninayemwogesha mama, ada za watoto wa marehemu dada nazihangaikia mimi. Niliona mkono mmoja tu si kitu. Alishindwa kwa kura chache, watu wakasema kaka yake mwenyewe kamkimbia. Na mimi nilisema hivyo, tena mbele ya mama. Kwa hilo nisamehe.

Viatu vyako vya kahawia viko chini ya kitanda chake. Jumapili nilivipiga rangi.