Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayenunua farasi asiyekula majani

Mjomba, habari za Iringa? Huku Mbeya baridi ya Julai haina masihara.

Picha za huyo farasi unayetaka kumnunua zimefika, na bei nimeiona. Mama yako anauliza mtu mzima anataka nini na farasi wa plastiki. Mimi siulizi hilo. Marekani wapo wanaowakusanya maisha yao yote, na kampuni ya Breyer iliingia kwenye kazi ya kuwatengeneza mwaka 1950 kwa farasi wa kupambia saa ya mezani. Watu wakamtaka farasi, saa wakaiacha. Wewe kusanya. Ninachotaka kujua ni kama huyu ni Black Beauty kweli, yule farasi wa kitabuni, kama muuzaji anavyodai, au ni farasi mweusi aliyebandikwa jina.

Kitabu chenyewe, Black Beauty cha Anna Sewell, kilitoka 1877, na msimulizi ni farasi mwenyewe. Anasema ana nyota nyeupe kwenye paji la uso na mguu mmoja mweupe. Usidhani ni urembo. Huyu mnyama anauzwa kutoka mkono hadi mkono, anavuta magari ya abiria London mpaka anaanguka barabarani, na mwishoni anasafishwa na Joe, aliyekuwa kijana wa zizini kwao zamani, ambaye mwanzoni hamtambui. Joe anaona nyota. Anaona mguu mweupe, upande wa kulia. Halafu katikati ya mgongo anakuta kale kabaka kadogo ka nywele nyeupe, na hapo hana shaka tena. Babu yako kule Rungwe alikuwa anamtoa ng'ombe wake kwenye kundi la watu vivyo hivyo, kwa baka tu.

Sasa nimeikuza picha yako. Nyota ipo. Miguu yote minne ni myeusi hadi kwatoni.

Na shingo je? Kichwa kimevutwa juu, kidevu kimebanwa, hatamu imekaza. Anavutia, sikatai. Lakini Sewell aliipiga vita hatamu hiyohiyo ya kunyanyulia kichwa, fasheni ya matajiri wa wakati wake, iliyomnyima farasi nafasi ya kuinama akivuta mzigo mlimani. Hebu pandisha mlima Kitonga umefungwa hivyo! Aliyemchonga huyu alitazama jalada, kitabu hakukifungua.

Wa hadithi nyingine sina neno. Sleipnir, farasi wa mungu Odin, akiwa na miguu minane, lipa. Rocinante, farasi aliyekonda wa Don Quixote, akiwa mbavu nje, lipa. Rocinante mnene anayeng'aa, mwache hapohapo.

Mwambie muuzaji akupige picha za mgongo na miguu, mchana, bila flashi. Miguu ikiwa myeusi kweli, basi alipwe bei ya farasi mweusi, asikutoze jina. Ukimnunua usimweke dirishani panapopiga jua, plastiki ya aina hiyo hupinda kwa joto.

Hela ikipungua niambie, nitaongezea. Mama yako akisoma hapa, basi ndiyo ameshajua.

Mjomba wako,
Mbeya