Mto "uliojazwa chini"

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mito na magodoro hapa Majengo, Mombasa. Kazi nilifunzwa na marehemu mamangu, uani kwetu, tukichambua sufi na kutoa mbegu moja moja.

Juma lililopita alinijia mama mmoja na mto mpya kwapani. Mwanawe ana pumu, na daktari amewakataza vitu vya manyoya. Mto aliununua kwa simu, katika duka moja la mtandaoni, na maelezo ya Kiswahili yalisema: "Mto laini, umejazwa chini." Akafahamu kwamba umeshindiliwa zaidi upande wa chini ili shingo ikae vizuri. Mtoto aliulalia siku tatu. Usiku wa tatu hakulala mtu nyumba ile.

"Fundi, hebu nitazamie ndani mna nini," akaniambia. Nikafumua mshono kiasi cha vidole vinne. Mlikuwa na manyoya ya bata, yale madogo meupe yasiyo na kijiti kigumu katikati, ukiyapumulia yanaruka. Pembeni pana kilebo cha Kiingereza: "down".

Binti yangu anasomesha Kiingereza, na jioni ile alinikalisha na kamusi. Kumbe hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika tahajia moja. La manyoya lilitoka kwa watu wa Skandinavia. La "chini" asili yake ni kilima: Waingereza wa kale walisema "kutoka kilimani", neno likakatwakatwa hadi likabaki kuwa chini. Na hadi leo vilima vya kusini mwa Uingereza huitwa kwa neno hilohilo! Juu ya hayo, mtu mwenye huzuni yuko "down", na mtandao ukikatika nao uko "down".

Silaumu lugha yao. Sisi tuna paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani, na hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa kuwa anasikia maneno yaliyozunguka. Aliyetafsiri maelezo ya ule mto hakusikiliza. Alikuta neno "mto" na neno "kujaza", na bado akaandika "chini". Kama ni mtu au ni mashine sijui, lakini mwenye duka ndiye aliyeyaweka mbele ya mnunuzi, naye angeweza kumuuliza fundi yeyote.

Maana maneno tunayo. Mamangu akiyaita manyoya hayo malaika, kama vile vinywele laini vya mkononi. Akimshika kifaranga atasema, "Huyu bado ana malaika, hajaota manyoya." Yanashika hewa katikati yake, ndiyo maana yana joto. Huko Iceland kuna bata wa baharini, eider, ambaye jike hujinyonyoa kifuani kutandikia kiota, na watu huyakusanya kiotani. Ni mali ya thamani, siidharau. Hata duveti tunazozikuta kwenye mitumba pale Kongowea, jina lake ni Kifaransa na maana yake ni malaika hayohayo.

Naomba, mhariri, ukurasa wako wa lugha uwafikie wafanyabiashara wetu. Andikeni "manyoya laini ya bata". Ni maneno manne tu ya kueleza, na mzazi mwenye mtoto wa pumu atajua apite au anunue. Palipo na sufi andikeni sufi, palipo na sponji andikeni sponji.

Ule mto niliumwaga wote, foronya ya ndani nikaitupa, nikashona nyingine ya marekani na kuijaza sufi niliyoianika siku mbili juani. Pembeni nimeshona kitambaa kidogo, nikaandika kwa wino usiotoka: SUFI TUPU.

Fundi mito,
Majengo, Mombasa.