Kwa Nini Safari Zetu za Trauti Mwezi Juni Hazianzi Alfajiri

Kila mwaka masika yanapoelekea ukingoni, wateja wetu huanza kuuliza kama mito ya Mlima Kenya na Aberdare imeshatulia kiasi cha kuvuliwa trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia, yaani chambo kidogo kinachoigiza mdudu. Jibu letu huwachosha baadhi yao, kwa sababu hatutazami kalenda wala anga la Nanyuki, bali rangi ya maji. Mvua iliyonyesha usiku kule juu, kwenye msitu wa mianzi, huteremka mtoni taratibu, hivyo mtu anaweza kuamka jua likiwaka na kilele kikionekana wazi, kisha akaukuta mto Burguret au Naro Moru umefura na kubeba tope.

Kipimo chetu tumekitoa jikoni. Maji yakifanana na chai ya maziwa, tunaahirisha safari bila kumtoza mteja chochote, maana trauti huwinda zaidi kwa macho, na chambo kisichozidi punje ya hindi kinaweza kumpita shubiri moja mbele ya mdomo asikione. Yakifanana na strungi nyepesi, kiasi kwamba jiwe lililo chini ya maji ya magotini linaonekana, tunakwenda. Kwa maoni yetu hali hiyo ni bora kuliko maji maangavu ya Februari, ambapo samaki humwona mvuvi mapema na kujificha chini ya mizizi. Mwaka mmoja tulikubali kushawishiwa na kundi lililokuwa limetoka mbali, tukaingia mtoni maji yakiwa kama chai ya maziwa. Tulitupa mishipi siku nzima, tukarudi mikono mitupu, na fedha zao tukazirudisha.

Lalamiko la pili ni la saa. Mgeni aliyezoea kuvua baharini au ziwani hutaka kuondoka gizani, nasi tunamwambia aje saa nne. Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kuwekwa katika mto Gura, na baridi ya milimani ndiyo iliyomwezesha kustawi. Hata hivyo, baridi nayo ina kiwango chake. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, na asubuhi za Juni kipimajoto chetu mara nyingi husoma nyuzi 8 au 9 za Selsiasi, hali ambayo humfanya atulie chini bila hamu kubwa ya kula. Hewa ya oksijeni ipo tele katika maji hayo. Kinachokosekana ni njaa. Ukigeuza jiwe wakati huo utawakuta viluwiluwi wa wadudu wa majini, weusi na wenye mikia miwili au mitatu kama nywele, wamejibana wala hawasogei. Jua likishapenya ukungu, kwa kawaida kati ya saa tano na saa tisa, wadudu hao huanza kutambaa, baadhi yao huchukuliwa na mkondo, na hapo ndipo samaki hupanda kutoka shimoni kuwafuata.

Kwa hiyo Juni tunatumia zaidi chambo kizito cha kuzama, cheusi au cha kahawia, kwenye ndoano namba 12 au 14, kikipita karibu na changarawe. Hakuna haja ya kununua visanduku vya bei ghali ng'ambo: vyambo vingi vinavyouzwa huko hufungwa kwa mikono hapa hapa Kenya.

Kibali cha uvuvi na ada ya kuingia hifadhini tunavishughulikia sisi, pamoja na askari wa wanyamapori wa kuongozana nasi, kwa sababu nyati na tembo hunywa katika mito hiyo hiyo. Uamuzi wa kwenda au kuahirisha tunautuma saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, pamoja na picha ya maji yaliyotekwa mtoni katika glasi alasiri hiyo.